Majaribu na Uimara wa Imani katika Bonde la Lukuledi, 1876–1926

Mto Lukuledi huanzia katika nchi ya Masasi, penye vilima vya mawe matupu, ukapita kati ya uwanda wa juu wa Makonde upande wa kusini na nchi ya Wamwera upande wa kaskazini, hata ukaingia Bahari ya Hindi penye bandari ya Lindi. Bonde lake lilikuwa njia ya misafara tangu zamani, na katika karne ya 19 walipita humo watumwa wengi waliotolewa pande za Ziwa Nyasa kupelekwa pwani. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopandwa na Wakristo wa kwanza kwenda Masasi. Katika muda wa miaka hamsini tangu kufika kwao, jamii za Wakristo wa nchi hii zilipigwa mara tatu: mwaka 1882 kwa vita vya Wangoni, mwaka 1905 kwa Vita vya Maji Maji, na mwaka 1917 kwa Vita Kuu ya Kwanza. Hata hivyo, mwaka 1926 Masasi ilifanywa kuwa dayosisi yenye askofu wake mwenyewe, na Wabenedikto wa Ndanda walikuwa wamekwisha kuijenga upya kazi yao. Haina budi kuulizwa ni kitu gani kilichodumu wakati majengo, mali na hata viongozi vilipokuwa vimeondoka.

Jibu jepesi ni kusema kwamba dhiki huzaa imani. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Dhiki zile zile ziliwapata wote, na si wote waliosimama. Wako waliorudi katika desturi zao za kwanza, wako waliohama wasionekane tena, na wako walioshikamana. Tofauti yao haikutoka katika ukubwa wa jaribu, kwa kuwa jaribu lilikuwa moja. Ilitoka katika malezi yaliyolitangulia. Mambo ya bonde la Lukuledi yanaonyesha kwamba jaribu hupima kuliko linavyojenga, na kwamba kilichojenga kilikuwa mazoezi ya kila siku yaliyofanywa wakati wa amani: sala zenye saa zake, kufunga, toba, na mafundisho ya hatua kwa hatua.

Lugha yenyewe inasaidia kulifahamu jambo hili. Katika Sala ya Bwana Waanglikana wa Masasi walifundishwa kutaja majaribu, na Wakatoliki wa Lukuledi na Ndanda walifundishwa kutaja kishawishi. Neno la Kiyunani lililofasiriwa ni moja, nalo lina maana zote mbili. Jaribu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kupima kitu ili kijulikane kama ni kizuri au kibovu. Shawishi, ambalo nalo ni la Kiarabu, lina asili ya kuvuruga na kutia wasiwasi, na katika Kiswahili limekuwa kumvuta mtu kwa maneno au kwa tamaa. Basi katika bonde moja watu wa makanisa mawili walikuwa wakiomba ombi lile lile kwa njia mbili: wengine waliomba wasipimwe kupita nguvu zao, na wengine waliomba wasivutwe kuiacha njia. Tofauti hii ilitokana na uchaguzi wa wafasiri, lakini mambo yaliyotokea yalihitaji maneno yote mawili. Moto na njaa vilikuwa majaribu. Ukimya wa miaka iliyofuata, bila padre wala shule, wakati ilipokuwa rahisi kuacha bila kulaumiwa na mtu, ulikuwa kishawishi.

Wakristo waliofika Masasi mwaka 1876 walikuwa wamekwisha kupita katika jaribu la kwanza. Walikuwa watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani na kulelewa Unguja na Misioni ya Vyuo Vikuu. Askofu Edward Steere aliondoka nao Unguja mwezi wa Oktoba mwaka huo, akawapitisha Lindi, nia yake ikiwa kuwafikisha katika nchi ya Wayao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi walikuwa wamechoka, na nchi ilikuwa njema, yenye maji na udongo wa kulimika. Wakaomba wakae hapo, naye Steere akakubali. Kijiji kikajengwa karibu na kilima cha Mtandi, na mwaka uliofuata Padre Chauncy Maples akaja kukisimamia.

Kwa mchunguzi wa lugha, kijiji hicho kilikuwa kitu kipya katika bara. Wakazi wake walitoka katika makabila mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja, ambacho Steere alikuwa amekiandikia kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Wenyeji wa pande zote walisema Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera. Wamisioni hawakuzidharau lugha hizo. Steere alitoa kitabu juu ya Kiyao mwaka 1871, na Maples akatoa kimoja juu ya Kimakua mwaka 1879. Lakini sala za pamoja zilikuwa kwa Kiswahili, nazo zilijifunzwa kwa moyo. Jambo hili dogo lilikuwa na matokeo makubwa baadaye, kwa sababu kilichojifunzwa kwa moyo hakiwezi kuteketezwa pamoja na nyumba.

Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana katika nchi hiyo kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi. Watu kadhaa waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na kijiji kikaharibiwa. Padre W. C. Porter aliwafuata washambuliaji mpaka katika nchi yao ili kujaribu kuwakomboa mateka. Maples akahamia Newala mwaka 1883 pamoja na sehemu ya watu, chini ya hifadhi ya Matola, mkuu wa Wayao wa huko. Kwa macho ya kibinadamu kazi ya miaka sita ilikuwa imekwisha. Walakini kutawanyika huko ndiko kulikoifikisha misioni juu ya uwanda wa Makonde, nayo Masasi baadaye ikasimama tena.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Wakristo hao walikwenda Newala wakiwa na utaratibu wao. Hawakuwa wafuasi wa nyumba fulani ya ibada. Walikuwa watu wenye siku za juma zilizohesabiwa, Ijumaa ya kujinyima na Jumapili ya kupumzika, Kwaresima na Pasaka. Mtu akiisha kuzoea kuzipanga siku zake namna hii, huchukua kanisa lake katika hesabu ya siku, naye aweza kulisimamisha mahali popote chini ya mti.

Habari za Cecil Majaliwa zinathibitisha neno hili. Majaliwa alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasoma katika chuo cha Kiungani, Unguja, na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kuwekwa Chitangali, katika nchi ya Masasi. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies akampa upadre, naye akawa padre wa kwanza Mwafrika katika misioni hiyo. Alikaa Chitangali miaka mingi, akisimamia kanisa, shule na vijiji vya jirani, mara nyingi bila Mzungu karibu naye. Mkuu wa nchi, Nakaam, akabatizwa kwa jina la Barnaba. Wakati ambapo wengi huko Ulaya walishuku kama Mwafrika aweza kuachiwa kanisa, kanisa la Chitangali lilikuwa likisimama kwa mikono ya mtu ambaye katika utoto wake aliuzwa kama bidhaa. Katika miaka ya mwisho ya karne hiyo Majaliwa alirudi Unguja, na mamlaka yakazidi kushikwa na wamisioni kutoka Uingereza. Hilo nalo halina budi kuhesabiwa kuwa jaribu, maana majaribu ya Wakristo wa nchi hii hayakutoka kwa adui peke yake. Kushushwa na watu wa nyumba moja huumiza kwa namna yake.

Upande wa Wakatoliki, Wabenedikto wa St. Ottilien walifika Afrika Mashariki mwaka 1888. Kituo chao cha kwanza cha Pugu kiliharibiwa mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Bushiri, na baadhi yao wakauawa. Miaka sita baadaye, mwaka 1895, walianzisha misioni ya Lukuledi, na baada yake ile ya Nyangao. Kanuni yao iliiunganisha sala na kazi ya mikono, kwa saa zilizopangwa. Mkatekumeni hakubatizwa upesi. Alipaswa kujifunza kwa muda mrefu, kuacha mambo fulani, na kuonyesha kwa mwenendo wake kwamba ameelewa. Kwa Waanglikana pia ilikuwa hivyo: mtu alianza kuwa msikilizaji tu, kisha akapokewa kuwa mkatekumeni, kisha akabatizwa, na mwisho akawekewa mikono na askofu. Aliyeanguka katika dhambi kubwa iliyojulikana na watu alitengwa, akapewa toba mbele ya wenzake kabla ya kurudishwa mezani. Utaratibu huu ulikuwa mkali, na wako walioukimbia. Lakini uliwafundisha watu kwamba kuanguka si mwisho wa safari, na kwamba iko njia iliyojulikana ya kurudi. Fundisho hilo la pili lilipata kuwa na thamani kubwa baada ya mwaka 1905.

Vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Wamatumbi mwishoni mwa Julai 1905, navyo vikaenea upesi kusini. Chanzo chake kinajulikana: kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi, na ukali wa maakida na askari wa serikali ya Wadachi. Yafaa kusemwa wazi kwamba wapiganaji hawakuinuka kwa ajili ya kuchukia sala. Walipigania uhuru wa nchi yao, na misioni ilionekana kwao kuwa nyumba moja na boma. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa safarini kutoka pwani kwenda Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kabla ya mwezi kwisha misioni ya Lukuledi ilichomwa, Nyangao ikaharibiwa, na Sista Walburga Diepolder wa Nyangao akapoteza maisha yake. Masasi ya Waanglikana nayo ikateketezwa. Wamisioni waliookoka walikimbilia pwani.

Wakristo wenyeji walibaki katika nafasi ngumu kuliko zote. Kwa wapiganaji walikuwa watu wa Wazungu. Kwa askari wa serikali walikuwa weusi kama waasi wengine. Ndugu waligawanyika. Maji yaliyonyweshwa kwa ahadi ya kuigeuza risasi kuwa maji yalikuwa kishawishi cha kweli, kwa sababu yalitolewa na watu wa ukoo mmoja, kwa ajili ya jambo ambalo kila mtu aliliona kuwa haki. Asiyekunywa alionekana kuwa msaliti. Aliyekunywa alikuwa ameweka tumaini lake mahali pengine. Hapana haja ya kumhukumu mtu wa wakati ule. Baada ya vita njaa ikafuata, kwa kuwa majeshi ya serikali yaliteketeza vyakula kwa makusudi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika nchi zote za vita, kwa silaha, njaa na maradhi, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Makanisa yaliyorudishwa baada ya mwaka 1906, wakati Wabenedikto walipoanzisha Ndanda na kuzijenga tena Lukuledi na Nyangao, yalikuwa makanisa ya watu waliookoka, wengi wao wakiwa wamefiwa. Wengine walikuwa wameanguka na kurudi kwa toba. Hapo ndipo ile njia ya kurudi ilipotumika. Kanisa lisilo na njia hiyo lingebaki na mashujaa wachache tu.

Jaribu la tatu lilidumu zaidi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, serikali ya Kidachi iliwafunga wamisioni Waingereza, nao wakapelekwa mbali mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoichukua Tabora mwezi wa Septemba 1916. Katika sehemu mbalimbali za misioni hiyo baadhi ya mapadre na walimu Waafrika walifungwa na kuteswa. Masasi ikabaki mikononi mwa mapadre wenyeji. Mwezi wa Oktoba 1917 vita vyenyewe vikafika bondeni. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yalidumu kuanzia tarehe 15 hadi 18, na siku chache baadaye majeshi yakapigana penye misioni ya Lukuledi. Wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi, na chakula kikachukuliwa na kila jeshi lililopita. Mwezi uliofuata Paul von Lettow-Vorbeck akauvuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, akaiacha nyuma nchi iliyokwisha kuliwa.

Sasa zamu ikageuka. Waingereza walipotawala, Wabenedikto wa Kidachi ndio waliokamatwa na kuondolewa. Hata mwaka 1922, Gallus Steiger, mzaliwa wa Uswisi, alipowekwa kuwa mkuu wa Prefektura ya Lindi, Wakatoliki wa bonde hili walikuwa wameishi miaka bila wachungaji wao wa kwanza. Katika muda huo walimu wa vijijini ndio walioendelea kukusanya watu Jumapili, kuwafundisha watoto sala na kuwazika wafu. Mwalimu hakuweza kuadhimisha Misa wala kuondoa dhambi. Aliweza kulinda taratibu, yaani kuhakikisha kwamba Jumapili haigeuki kuwa siku kama siku nyingine. Kazi hiyo haina sifa nyingi katika vitabu, lakini bila hiyo hakuna ambacho kingeweza kujengwa tena.

Katika neno la malezi, Kiswahili na lugha jirani zina ushahidi wa namna yake. Mzizi funda umezaa kufundisha, mafunzo na mwanafunzi, nao huo huo ndio unaotumika kwa mwali anayefundwa unyagoni. Watu wa Masasi na Newala, kwa hivyo, hawakuhitaji kuelezwa na mgeni kwamba mtu hafikii utu uzima bila kutengwa, kunyimwa na kufundishwa. Jando na unyago vilikuwa vimewafundisha hayo karne nyingi kabla ya misioni. Vincent Lucas, aliyepata kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliliona jambo hili. Akiwa pamoja na mapadre wenyeji kama Kolumba Msigala, alitengeneza jando la Kikristo: tohara ikabaki, kambi ikabaki, na mafunzo ya adabu ya wazee yakabaki, lakini yaliyoonekana kupingana na imani yakaondolewa, na sala na baraka zikawekwa mahali pake. Mwaka 1928 aliandika makala iliyojulikana sana juu ya njia hiyo. Wako waliomlaumu kwa kuchanganya mambo, na wako waliomlaumu kwa kukata yaliyokuwa kiini cha mila. Lawama zote mbili zina uzito. Lakini katika mlango wa malezi fikira yake ilikuwa sahihi: imani isiyomshika kijana katika siku zile ambazo mwili na ukoo wake vinamfanya mtu mzima haitamshika siku ya taabu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo ndiyo ufupisho wa siasa nzima ya Lucas.

Padre Yohana Abdallah wa Unangu alitoa ushahidi wa namna nyingine. Myao huyu, aliyepata upadre mwaka 1898, ndiye aliyeandika kitabu cha mila na historia ya Wayao kilichochapwa mwaka 1919, mara tu baada ya vita. Mtu huyo alikaa chini akaandika habari za wazee wake, katika lugha yao, kwa heshima. Uimara wa namna hiyo una utulivu wa mtu asiyeogopa kwamba kuyajua ya jana kutamnyang'anya ya leo.

Hata hivyo, kusifu nidhamu kuna hatari yake. Nidhamu ile ile iliyowashika watu ilitumiwa nyakati nyingine kuwaweka chini. Mwalimu aliyelinda kanisa peke yake miaka ya vita aliweza, amani iliporudi, kuambiwa asubiri amri ya mgeni aliyefika juzi. Kutii na kudhulumiwa vilikaa karibu, na historia ya Masasi tangu siku za Majaliwa haielezeki bila vyote viwili. Kwa sababu hiyo haifai kuwahesabu Waafrika hao kuwa wanafunzi wazuri tu wa walimu Wazungu. Mara tatu walipoachwa peke yao, walionyesha kwamba walichopewa wamekwisha kukifanya chao.

Wakatoliki wa bonde hili huiita sakramenti ya kumthibitisha mwamini kwa jina la Kipaimara. Aliyelitunga alikwenda njia iliyo wazi kwa kila msemaji: ni kile kipacho imara. Jina halisemi kwamba imara hutoka katika taabu. Lasema kwamba hutolewa, naye mtu huipokea kabla ya kuihitaji. Wanahistoria wa misioni wamezoea kupima maendeleo kwa hesabu ya makanisa yaliyojengwa na watu waliobatizwa. Kwa hesabu hiyo bonde la Lukuledi lilishindwa mara tatu katika miaka hamsini. Kipimo cha haki zaidi ni kuchunguza watu walifanya nini Jumapili ya kwanza baada ya moto, ni nani aliyewaita, na kwa maneno gani waliyoyajua bila kitabu.